Kisima cha Ahero kilichopanda mlima: jinsi kompyuta inavyokata namba kwenye nukta

Saa tatu na dakika arobaini na tano ina jina jingine kwa Kiswahili: saa nne kasorobo. Wakati ni uleule. Katika jina la kwanza tumeanza na saa iliyokwisha kupita, tukaongeza. Katika la pili tumeanza na saa inayokuja, tukapunguza. Anayesikia hachanganyikiwi, kwa maana neno "na" au neno "kasoro" limemwonyesha upande wa kuhesabia. Kompyuta haina neno hilo. Ukiiambia itenganishe namba yenye nukta, upate namba nzima huku na kipande huku, itakupa jibu bila kukueleza imehesabu kuelekea wapi. Hilo ni la kujua wewe mwenyewe.

Mimi nililijua siku kisima kimoja cha Ahero kilipopanda mlima.

Nilikuwa nimepewa orodha ya visima vya tambarare za Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya, kila kimoja na latitudo na longitudo yake kama simu inavyozitoa, yaani namba ya desimali. Mafundi wa maji walitaka digrii, dakika na sekunde, kwa sababu fomu zao na ramani zao za karatasi zimeandikwa hivyo. Programu ya kubadilisha niliipokea kwa mtu aliyeitumia kabla yangu, nayo ilikuwa na sifa nzuri. Nikaipitisha orodha yote, nikachapisha, nikatuma. Siku ya pili fundi mmoja mzee akanipigia simu.

"Kijana, hiki kisima cha Ahero ni kipya?"

"Hapana, mzee. Kiko pale miaka mingi."

"Basi mbona karatasi yako inanipeleka Nandi?"

Nilifungua ramani nikaona alichokiona. Visima vyote vya Kano vilikuwa vimeruka ng'ambo ya ikweta, vikatua kwenye milima. Cha Ahero kilikuwa kama kilomita 38 kaskazini ya mahali pake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua longitudo ya katikati ya Kisumu, 34.7617. Namba nzima ni 34, kipande ni 0.7617. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo 0.7617 mara 60 ni 45.702, yaani dakika 45. Kinachobaki ni 0.702, nacho mara 60 ni 42.12, yaani sekunde 42. Kisumu iko 34°45'42" Mashariki. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuipiga kwa penseli.

Latitudo ya hapohapo ni -0.1022, na alama ya hasi maana yake kusini ya ikweta. Programu niliyoirithi iliandikwa kwa Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, na mistari yake miwili ya kwanza ilikuwa hii:

```
digrii = int(latitudo)
upande = "Kusini" if digrii < 0 else "Kaskazini"
```

Mstari wa kwanza unatoa namba nzima. Wa pili unauliza: je, namba hiyo nzima ni hasi? Ikiwa ndiyo, andika Kusini. Ikiwa siyo, andika Kaskazini. Mwishoni mwa faili palikuwa na mifano ambayo mwandishi aliijaribia, nayo ilikuwa Nairobi na Mombasa. Nairobi ni -1.2921. Ukiikata kwenye nukta unapata -1, ambayo ni hasi, na jibu linakuwa Kusini. Sawa. Mombasa iko nyuzi nne na kidogo kusini, unapata -4, Kusini. Sawa tena. Lakini Kisumu ni -0.1022. Ikate kwenye nukta unapata 0. Sifuri si hasi. Kaskazini.

Alama ya hasi haikupotea kwa bahati mbaya. Ilikuwa ni mali ya namba yote, -0.1022, na mwandishi aliitafuta kwenye namba nzima peke yake. Namba nzima inapokuwa 1 au 4, inaweza kuibeba alama hiyo. Inapokuwa 0 haina pa kuiweka. Ndivyo mji wa Kisumu ulivyoandikwa 0°6'8" Kaskazini, mahali palipo kwenye vilima vya Vihiga, jirani na Mbale, zaidi ya kilomita 22 kutoka mahali pake.

Tazama sasa ni miji mingapi inakaa katika ukanda huo mwembamba kati ya sifuri na hasi moja: Kisumu, Ahero, Homa Bay, Kisii, Kericho, Nakuru. Yote ina sifuri kabla ya nukta, na yote ni hasi. Kakamega, Bungoma na Eldoret haziguswi kwa kuwa ziko kaskazini ya mstari. Programu ikiandikwa na kujaribiwa Nairobi itafanya kazi vizuri mpaka siku itakapopanda gari kuja huku kwetu. Wala si sisi peke yetu. London na Accra zote ziko magharibi kidogo tu ya mstari wa Greenwich, London ikiwa -0.13 hivi na Accra -0.19, kwa hiyo programu hiyohiyo ingeihamishia miji hiyo mashariki kwa upande wa longitudo.

Mwenzangu alishauri tuhakikishe kwa lahajedwali. Akafungua Excel, akaandika INT ya -0.1022, na jibu likawa -1. Si 0. Akakitafuta kipande: -0.1022 ukitoa -1 ni 0.8978. Akakizidisha, akapata dakika 53 na sekunde 52, akaandika 1°53'52" Kusini. Safari hii Kisumu haikwenda Vihiga. Ilisafiri kilomita 200 hivi kusini, ikavuka mpaka, ikatua Tanzania, mkoa wa Mara.

Hapa ndipo penye fundo, na linafaa kufunguliwa polepole. Kuna njia mbili za kuipata namba nzima, nazo zinaachana pale tu namba inapokuwa hasi.

Njia ya kwanza ni kukata. Unatupa kila kilicho baada ya nukta, na jibu linasogea kuelekea sifuri. Kwa njia hii 2.5 ni 2, na -2.5 ni -2. Kipande kinabaki na alama ya namba yake: -2.5 ni -2 na -0.5. Njia ya pili ni kushuka. Unatelemka mpaka namba nzima iliyo chini yako, ukielekea kushoto kwenye mstari wa namba. Kwa njia hii 2.5 bado ni 2, lakini -2.5 ni -3, kwa sababu -3 iko chini na -2 iko juu. Kipande hapa huwa chanya siku zote: -2.5 ni -3 jumlisha 0.5.

Kwa namba chanya njia hizi mbili ni ndugu pacha, huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika programu miaka mitano asijue anatumia ipi. Na majina hayamsaidii. Neno `int` katika Python hukata, wakati INT ya Excel hushuka. Anayetaka kukata ndani ya Excel anatumia TRUNC. Anayetaka kushuka ndani ya Python anatumia `math.floor`. JavaScript, lugha nyingine ya programu, imeyatenga vizuri zaidi, `Math.trunc` kwa kukata na `Math.floor` kwa kushuka, na kwa maoni yangu huo ndio mtindo bora, kwa sababu anayesoma anaona nia ya aliyeandika.

Mwenzangu basi hakukosea kutoa -1 na 0.8978. Vijumlishe, utarudi kwenye -0.1022 kamili. Kosa lilikuwa kuviandika kana kwamba vyote viwili vinaelekea upande mmoja, digrii moja kusini halafu dakika 53 zaidi kusini, ilhali kipande chake kilikuwa kinarudi kaskazini. Ni sawa na kusikia "saa nne kasorobo" ukaandika saa nne na robo.

Nisieleweke kwamba kushuka ni kubaya. Kuna kazi ambazo ndizo zake, na mfano ulio karibu nasi ni saa yenyewe. Kuigeuza saa ya simu iwe saa ya Kiswahili unatoa sita. Tuseme simu inaonyesha 04:30, ambayo kwa desimali ni 4.5. Toa 6, unapata -1.5. Ukishuka unapata -2 na 0.5. Ongeza 12 kwenye -2, unapata 10. Saa kumi na nusu alfajiri, kama mtu yeyote wa Kisumu angeitaja. Ukikata unapata -1 na -0.5; ongeza 12 kwenye -1, unapata 11, na kipande kinakuambia upunguze nusu. Saa kumi na moja kasoro nusu. Hesabu ni kweli, lakini programu ikiisahau ile hasi ya kipande itaandika saa kumi na moja na nusu, na abiria wa basi la alfajiri atafika kituoni saa nzima baada ya basi kuondoka. Kwa vitu vinavyozunguka, kama saa na siku za wiki, shuka. Kwa vitu vyenye pande mbili zinazolingana kutoka sifuri, kama kusini na kaskazini au deni na akiba, iweke alama pembeni kwanza, ugawe namba ikiwa chanya, kisha uirudishe alama.

Wengine hutafuta kipande kwa alama ya baki, `%`, wakigawanya kwa 1. Nako lugha zinaachana. Katika Python, `-1.5 % 1` ni 0.5, kwa maana Python hushuka. Katika JavaScript na Java jibu ni -0.5, na `fmod` ya lugha ya C hutoa hilohilo, kwa maana hizo hukata. Mtu akihamisha mstari huo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuugusa, amebadilisha hesabu bila kujua.

Ipo pia amri iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, `modf`, ambayo imo katika C na katika Python. Ukiipa -0.1022, Python hurudisha vitu viwili, kipande kikitangulia: -0.1022 na -0.0. Hiyo -0.0 ilinishangaza sana mara ya kwanza. Kumbe kompyuta inayo sifuri hasi! Namba za desimali ndani ya mashine zina biti moja, yaani nafasi ya 0 au 1, iliyotengwa kwa ajili ya alama tu, kwa hiyo hata sifuri hubeba alama. Kisumu haikusahauliwa, mashine inakumbuka kwamba sifuri hiyo ilitoka kusini. Ila ukiuliza kama -0.0 ni ndogo kuliko 0, jibu ni hapana, na ukiigeuza kuwa namba nzima alama inafutika. Usiitegemee.

Baada ya kuirekebisha alama nilidhani nimemaliza. Ndipo nikaona mstari mmoja wa longitudo, wa kisima kilicho mashariki kidogo ya mji: 34°47'60". Sekunde sitini! Hakuna sekunde ya sitini, kama vile hakuna saa kumi na dakika sitini. Namba iliyoingia ilikuwa 34.8 tu.

Kwa penseli, 34.8 ni 34 na 0.8, na 0.8 mara 60 ni 48 kamili. Lakini iambie kompyuta itoe 34 kutoka 34.8, nayo itajibu 0.7999999999999972. Sababu yake ni hii. Sisi huandika namba kwa makumi, na kwa makumi kuna vipande visivyokwisha: ukigawa shilingi 100 kwa watu watatu, kila mmoja anapata 33.333 na tatu zisizo na mwisho. Kompyuta huandika kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwake vipande visivyokwisha ni vingi zaidi. Hata 0.8 yetu iliyo fupi, kwake ni 0.110011001100 ikijirudia milele. Kwa kuwa haiwezi kuandika milele, inaikadiria kwa namba iliyo karibu zaidi inayoweza kuiandika. Kanuni inayofuatwa na karibu kompyuta zote, IEEE 754 ya mwaka 1985, inaipa namba ya desimali ya kawaida nafasi ya tarakimu 53 za mfumo huo wa mbili.

Na hapa ndipo kutenganisha kunapozidisha tatizo. Nafasi hizo 53 ni za namba yote. Katika 34.8, ile 34 inachukua sita, zinabaki 47 kwa ajili ya kipande. Kosa ni dogo mno kulingana na 34, na ukichapisha namba yote kama ilivyo utaona 34.8 safi. Ukiitoa 34, kile kikubwa kilichokuwa kinalificha kosa kimeondoka, na kosa linabaki peke yake uwanjani. Kipande mara 60 kinakuwa pungufu kidogo ya 48. Programu inakata, inapata dakika 47. Kinachobaki mara 60 ni 59.99 na tisa nyingi, na wakati wa kuchapisha kinakadiriwa kuwa 60.

Wanaoshika pesa wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Salio la shilingi 4.35 likizidishwa kwa 100 ili kupata senti, kompyuta inatoa 434.99999999999994. Likate, una senti 434. Senti moja imetoweka, na mweka hazina wa chama atakesha akiitafuta. Dawa yake inajulikana: weka pesa kama senti nzima tangu mwanzo, au tumia aina ya namba inayohesabu kwa makumi, kama Decimal ya Python, ukiipa namba ikiwa maandishi.

Kuhusu maandishi, wapo wanaokwepa hesabu yote kwa kuigeuza namba kuwa maneno na kuikata pale penye nukta. Wazo linavutia, na kwa namba fupi linafanya kazi. Lakini nenda Maseno, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ambapo ikweta inapita. Simama mita tano na nusu hivi kusini ya mstari. Latitudo yako ni -0.00005, na Python ikiiandika kwa maneno inaandika `-5e-05`. Nukta haipo kabisa. Programu inayotafuta nukta itaanguka palepale watalii wanapopigia picha. Isitoshe, kipande cha 34.05 kwa maneno ni "05"; ukikigeuza kuwa namba ni 5, sawasawa na kipande cha 34.5.

Njia niliyoishia nayo inaanza na alama, kisha inaizidisha namba yote kabla ya kuigawa popote. Sekunde moja ya latitudo ni mita 31 hivi, umbali mkubwa kwa mtu anayetafuta kisima kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo nilihesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani mita tatu. Digrii moja ina sehemu 36000 za namna hiyo.

```
def gawa(namba):
    hasi = namba < 0
    jumla = round(abs(namba) * 36000)
    digrii, baki = divmod(jumla, 36000)
    dakika, baki = divmod(baki, 600)
    return hasi, digrii, dakika, baki / 10
```

Swali la hasi linaulizwa kwa namba yote kabla haijagawanywa, kisha `abs` inaiondoa alama. Kukadiria kunafanywa mara moja tu, mwanzoni, na kuanzia hapo kila kitu ni namba nzima, na namba nzima za ukubwa huu hazina makosa ya mkia. `divmod` inatoa mgao na baki kwa pamoja, na kwa sababu namba tayari ni chanya, kukata na kushuka ni kitu kimoja. Ipe 34.8: jumla ni 1252800, digrii 34, inabaki 28800, dakika 48, inabaki 0. Sekunde ya sitini haina mlango wa kuingilia.

Mwishoni mwa faili, chini ya Nairobi na Mombasa, niliongeza mifano minne: Kisumu, Kakamega, ile 34.8, na yule mtu aliyesimama Maseno. Huyo wa mwisho anatoka digrii 0, dakika 0, sekunde 0.2, na hasi yake ipo. Kisha nikaipitisha orodha upya. Kisima cha Ahero, -0.1736, kikawa 0°10'25.0" Kusini. Nilimtumia mzee karatasi mpya asubuhi, naye akanipigia kabla ya saa sita.

"Sasa nimefika," akasema, na nyuma ya sauti yake nikasikia pampu ikipigwa na maji yakimwagika kwenye ndoo.